Nusu Siku Ndani ya Ihefu: Tulichojifunza Kabla ya Kununua Boti

Katika toleo hili tunawaletea somo lililotokana na ziara ya mafunzo tuliyoifanya katika ardhioevu ya Usangu, wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya. Ziara yenyewe ilichukua nusu siku tu majini. Lakini ilibadilisha andiko zima la mradi, na ilitufundisha sisi wa ofisini jambo ambalo tulipaswa kulijua mapema. Tunaomba kila kamati ya maendeleo ya usharika isome somo hili kwa pamoja na kujadili maswali yaliyo mwishoni.

Wazo la mradi lilivyoanza

Usharika mmoja wa bondeni ulitembelewa na mgeni kutoka Marekani, rafiki wa siku nyingi wa kazi zetu. Aliposikia vijana wakieleza habari za Ihefu, viboko wake na ndege wake, alikumbuka safari aliyowahi kuifanya kwao Florida. Huko watalii hupandishwa kwenye boti ya pangaboi na kuzungushwa kwa nusu siku katikati ya nyasi na maji ili waone mamba na ndege. Akauliza: kwa nini vijana wa hapa wasiwe na boti ya namna hiyo? Watalii wangelipa, vijana wangepata ajira, na usharika ungepata chanzo cha mapato.

Wazo hilo lilipokelewa kwa shangwe. Kamati iliandika andiko la mradi kwa wiki mbili. Nasi wa ofisi ya dayosisi, lazima tukiri, tulimjibu mfadhili kwamba ni wazo zuri kabla hatujauliza swali hata moja la msingi. Hatukuwa tumeuliza eneo lile liko chini ya nani, maji yanakuwepo miezi mingapi, wala kama boti ya aina hiyo inafaa. Tuliona furaha ya vijana na utayari wa mfadhili, tukaona yatosha.

Aliyetuzuia ni mama mtunza hazina wa kamati. Kwenye kikao alisimama akasema, "Baba mwenyekiti, samahani. Humu ndani tumeandika habari za Ihefu kurasa kumi. Ni nani kati yetu amefika huko miaka ya karibuni?" Katika wanakamati tisa alinyoosha mkono mzee mmoja tu, naye alisema amefika, lakini ni kabla ya mwaka 2006. Hapo tukakubaliana: kwanza twende tukaone.

Boti ya pangaboi ni nini?

Kabla ya safari tulijifunza kuhusu chombo chenyewe. Boti ya pangaboi ina tumbo bapa, kwa hiyo inaweza kupita kwenye maji ya kina kifupi sana na hata juu ya majani. Injini yake, ambayo huwa ya ndege ndogo au ya gari, imefungwa juu upande wa nyuma. Inazungusha pangaboi kubwa lililo ndani ya kizimba cha waya, na upepo wa pangaboi hilo ndio unaosukuma boti mbele. Dereva hukaa juu ili aone mbali.

Faida yake iko wazi. Injini ya kawaida ya boti ina panga lililo chini ya maji, na kwenye vinamasi panga hilo hunaswa na majani. Boti ya pangaboi haina tatizo hilo. Lakini ina mengine. Haina breki wala gia ya kurudi nyuma. Inakunywa mafuta mengi. Na kelele yake ni kubwa kiasi kwamba abiria huvaa vizibo masikioni. Wanyama hawana vizibo.

Hata huko Florida chombo hiki hakiruhusiwi kila mahali. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Everglades, iliyofunguliwa mwaka 1947, boti hizo zimewekewa mipaka. Everglades tutairudia baadaye, kwa sababu ina funzo kubwa kuliko la boti.

Safari yenyewe

Tulikwenda mwishoni mwa Mei, mvua zikiwa zimekatika lakini maji bado mengi. Tulikuwa watu wanane: wanakamati watano, mgeni wetu, na sisi wawili wa ofisini. Tulitoka Rujewa alfajiri, giza bado nene, na jua lilipochomoza tulikuwa tumefika ukingo wa maji. Ihefu iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hivyo tulikuwa tumelipa ada na kupata kibali, na tulipewa mwongozaji pamoja na askari mwenye bunduki. Chombo kilikuwa boti ya bati yenye tumbo bapa na injini ndogo. Ndani yake kulikuwa na upondo mmoja mrefu.

Mwongozaji alitupa masharti manne. Kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha. Mikono isitoke nje ya boti. Tuzungumze kwa sauti ya chini. Na tukiona kiboko, tusimwambie aelekee huku wala kule, kwa sababu kiboko anajua njia yake: hukimbilia maji yenye kina, na hatari ni boti kukaa kati yake na kina hicho.

Kwa nusu saa ya kwanza injini ilitupeleka kwenye mkondo ulio wazi. Kisha majani yakazidi, mwongozaji akaizima, akasimama nyuma na kutusukuma kwa upondo. Hapo ndipo tulipoanza kuona. Wakati injini inanguruma tuliona migongo ya ndege wanaoruka kwenda mbali. Ilipozimwa, walirudi. Furukombe alilia juu ya mti mkavu. Mdiria alisimama hewani kama amefungwa kwa uzi, kisha akajitupa majini. Korongo domo-wazi walikuwa wakitafuta konokono kwenye tope, na mwongozaji alitueleza kwamba uwazi ule kwenye mdomo unawasaidia kushika konokono. Tuliona ndege mdogo mwenye vidole virefu mno akitembea juu ya majani ya yungiyungi bila kuzama. Yangeyange walikuwa wengi kiasi kwamba tuliacha kuhesabu.

Viboko tuliwakuta kwenye kidimbwi kipana. Tulisimama mbali, na mwongozaji akatuonyesha njia walizozifungua katikati ya mafunjo. Njia hizo ni mifereji pia: maji hupita humo, na samaki nao hupita humo. Mamba tulimwona mmoja tu, akiota jua. Ukingoni mwa mbali walipita nyati.

Mgeni wetu alikuwa amenyamaza kwa muda mrefu. Baadaye alisema kwamba huko Florida aliona mamba wengi zaidi, lakini hakusikia ndege hata mmoja, kwa sababu ya injini.

Bakuli lenye pengo

Tulipofika mahali palipo wazi mwongozaji alipumzika, nasi tukamuuliza maji haya yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Alitumia mfano wa bakuli, nasi tunautumia hapa kwa sababu ni rahisi kuuelewa.

Milima ya Uporoto na Kipengere hupokea mvua nyingi. Huko ndiko inakotoka mito ya Ruaha Mkuu, Chimala, Kimani na Mbarali. Mto Ndembera unatoka upande wa Mufindi. Yote inashuka kwenye tambarare ya Usangu, na kinachobaki kinaingia Ihefu, ambayo ndiyo sehemu ya chini ya bakuli. Bakuli hili lina pengo moja tu upande wa kaskazini, kwenye mwamba wa Ng'iriama. Maji yakiwa juu ya mwamba huo, Mto Ruaha Mkuu unatoka na kuendelea kupita katika hifadhi, kisha Mtera kwenye mitambo ya megawati 80, kisha Kidatu kwenye mitambo ya megawati 204, na mwisho unaingia mto Rufiji. Maji yakishuka chini ya mwamba, hakuna tone linalotoka. Mto unakatika, ingawa ndani ya bakuli maji bado yapo na jua linaendelea kuyakausha.

Ndiyo maana kiasi kidogo cha maji wakati wa kiangazi kina uzito mkubwa. Si lazima mtu achote maji yote ya Usangu ili mto ukauke. Inatosha yapungue mpaka chini ya mwamba.

Tangu mwaka 1993 mto huu umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati ule, Mheshimiwa Frederick Sumaye, alitangaza nia ya serikali kwamba ifikapo mwaka 2010 mto utiririke mwaka mzima. Mwaka 2010 ulifika ukapita, na mto uliendelea kukatika.

Mzee wetu na kambi ya uvuvi

Wakati wa kurudi, yule mzee wa kamati aliyewahi kufika alimwomba mwongozaji asogee karibu na kichuguu kimoja chenye miti miwili. "Hapo," alisema, "ndipo ilipokuwa kambi yetu ya uvuvi. Tulikuwa tunakausha kambale pale. Mdogo wangu alizaliwa msimu wa kambi." Hakusema zaidi. Mwongozaji, ambaye ni kijana anayeweza kuwa mjukuu wake, alivua kofia akamwambia, "Pole, babu."

Hatuandiki haya kwa kuchochea mtu. Lakini kamati inayotaka kufanya utalii mahali fulani lazima ijue historia ya mahali hapo. Usangu ilikuwa nchi ya Wasangu na mifugo yao. Enzi za ukoloni wahamiaji wa Kibaluchi walianzisha mashamba ya mpunga wa mifereji. Baada ya uhuru yakaja mashamba makubwa: Mbarali, lililojengwa kwa msaada wa China, kisha Kapunga na Madibira. Wafugaji kutoka mikoa mingine nao walihamia wakifuata malisho. Mwaka 1998 sehemu ya Usangu ilitangazwa kuwa pori la akiba. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji na wavuvi waliondolewa pamoja na mifugo yao. Mwaka 2007 iliundwa tume chini ya Jaji Othman Chande kuchunguza jinsi zoezi hilo lilivyoendeshwa. Mwaka 2008 Usangu iliunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, ambayo eneo lake likapita kilometa za mraba 20,000.

Jambo hilo halikuishia hapo. Migogoro ya mipaka kati ya hifadhi na vijiji vya Mbarali iliendelea, na mwaka 2023 mipaka ilirekebishwa upya. Mradi wa kukuza utalii kusini mwa nchi, uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150 ulioidhinishwa mwaka 2017, ulisimamishiwa fedha mwezi Aprili 2024 kufuatia malalamiko ya wananchi, na ukafikia mwisho wake mwezi Novemba mwaka huo huo.

Kwa hiyo mtalii anayepita kwenye maji yale na kuona ndege tu ameona nusu. Nusu nyingine ni watu waliohama, na watu walioko juu wanaolima mpunga ambao sisi sote tunaula.

Ni nani anayekausha mto?

Kwa miaka mingi jibu lililotolewa haraka lilikuwa ng'ombe. Uchunguzi uliofanywa Usangu kati ya mwaka 1998 na 2001 chini ya mradi wa SMUWC, na tafiti zilizofuata zilizoshirikisha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, zilionyesha picha nyingine. Sababu kubwa ilikuwa maji yanayochepushwa kwenye mabanio wakati wa kiangazi. Banio la zamani la miti na mawe lilikuwa linavuja, na maji yaliyovuja yalikwenda mtoni. Banio la saruji, ambalo mara nyingi lilijengwa kwa nia njema na fedha za wafadhili, lina uwezo wa kuchukua karibu mto wote.

Watafiti hao walitengeneza mchezo wa kufundishia ambao wakulima wa Usangu waliucheza. Tunaupendekeza kwa kila kamati, maana unatengenezwa na fundi seremala yeyote. Unachukua ubao mpana, unauinamisha, unachonga mfereji wa mto kuanzia juu hadi chini na mifereji midogo ya pembeni inayoishia kwenye vishimo, ambavyo ni mashamba. Kila mchezaji anakaa kwenye banio lake na kijiti cha kuchepusha. Kisha unamwaga gololi kutoka juu. Gololi zikiwa nyingi, wote wanapata. Zikiwa chache, wa juu wanajaza vishimo na wa chini wanakaa mikono mitupu. Halafu unawabadilisha nafasi: wa juu wanakwenda chini. Tulipoucheza na kamati yetu, mzunguko wa pili ndio ulioleta kelele.

Wanaopenda kuanza kwa Neno wanaweza kusoma Ezekieli 34:18-19, mahali nabii anapowakemea waliokunywa maji safi kisha wakayavuruga yaliyobaki.

Tulichokiona Ibuguziwa

Ili kukamilisha somo, mwezi Novemba tuliwachukua wawakilishi wawili wa vijana tulipokuwa na kazi Iringa, tukaenda nao hadi daraja la Ibuguziwa, kwenye lango la Hifadhi ya Ruaha. Huu ni mto ule ule uliotoka Ihefu. Chini ya daraja palikuwa na mchanga. Mbali kidogo kulikuwa na kidimbwi cha rangi ya majani, na ndani yake viboko wamebanana mgongo kwa mgongo. Tembo walikuwa wamechimba mashimo kwenye mchanga ili kupata maji ya chini, na wanyama wadogo walisubiri zamu yao.

Kijana mmoja, mwenyekiti wa vijana aliyeliandika andiko la boti kwa mkono wake, alikaa juu ya ukingo wa daraja muda mrefu. Kisha akatuuliza kama banio la kijiji chao limefungwa wakati huu. Wote tulijua jibu. Halijafungwa. Halina lango.

Uamuzi wa kamati

Kikao kilichofuata kilichukua saa nne. Hoja dhidi ya boti zilikuwa nyingi: mafuta, vipuri vinavyoagizwa nje, leseni na kibali cha hifadhi, kelele, na msimu mfupi wa maji mengi. Lakini hoja iliyowashinda wote ilitolewa na yule mtunza hazina: "Tunataka kuuza maji ya Ihefu kwa watalii, na sisi wenyewe ndio tunaoyazuia yasifike."

Kamati ikapendekeza mradi ubadilike: badala ya boti, lango la chuma kwenye banio la kijiji, lifungwe baada ya mavuno na kufunguliwa kwa ratiba ya Jumuiya ya Watumia Maji. Sisi wa ofisini tuliona tumemaliza kazi. Hapo akina mama wakatuuliza swali ambalo halikuwa kwenye mchanganuo wetu: "Mkifunga lango mwezi Agosti, sisi tutachota wapi?"

Walikuwa sahihi. Mfereji ule si wa mpunga peke yake. Kaya nyingi zilizo kando yake hutumia maji hayo kupikia, kufua, kunyweshea mifugo na kumwagilia bustani za mboga. Ndiyo sababu mabanio mengi hayafungwi kiangazi hata kama mashamba ni matupu. Maji mengi yanachepushwa ili ndoo chache zijae, na yaliyobaki yanapotelea kwenye udongo na jua. Anayefunga lango bila kutoa maji mbadala anawaonea wanawake, na lango lake litavunjwa usiku.

Andiko jipya kwa hiyo lina sehemu mbili zisizotenganishwa: kwanza visima viwili vyenye pampu za mkono, halafu lango. Tulimwandikia mgeni wetu na kumweleza kila kitu, pamoja na kosa letu la kusema ndiyo kabla ya kuuliza. Hatukuficha kwamba alivunjika moyo kidogo. Boti inapiga picha nzuri, lango la chuma halipigi. Lakini alikuwa amekaa nasi Ihefu injini ilipozimwa, na alijibu kwamba anaelewa. Kisima cha kwanza kimechimbwa. Cha pili kinasubiri. Lango halijafungwa, na hatutalifunga mpaka vyote viwili vitoe maji.

Funzo kutoka Everglades

Tuliahidi kurudi Florida. Everglades ilikuwa ardhioevu kubwa iliyolishwa na maji yanayotiririka taratibu kuelekea kusini. Katika karne ya 20 ilichimbwa mifereji ya kukausha ardhi kwa ajili ya kilimo na miji, na barabara kuu iliyofunguliwa mwaka 1928 ilikatiza njia ya maji kama tuta. Karibu nusu ya ardhioevu hiyo ilipotea. Mwaka 2000 Bunge la Marekani lilipitisha mpango wa zaidi ya miaka 30 wa kurudisha maji, uliokadiriwa wakati huo kugharimu dola bilioni 7.8. Mwaka 2013 lilikamilika daraja la maili moja kwenye barabara ile ile ili maji yapite chini yake.

Wao walikausha kwanza, sasa wanalipa ili kurudisha. Sisi hatuna bilioni hizo. Tunachoweza ni kuacha maji yapite sasa hivi, wakati lango moja la chuma na visima viwili bado vinaleta tofauti kwenye mfereji mmoja.

Ushauri kwa kamati zinazopanga ziara kama hii

1. Ombeni kibali mapema katika ofisi za hifadhi, na ulizeni gharama zote kabla ya kuchangishana.
2. Nendeni wakati maji yapo, kati ya Aprili na Juni. Kisha rudini kuutazama mto huo huo kiangazi, mahali pengine, kama Ibuguziwa. Ziara moja bila ya pili haifundishi.
3. Muwe na wanawake, vijana na wazee. Aliyeishi mahali pale zamani ni mwalimu kama mwongozaji.
4. Ombeni injini izimwe angalau saa moja.
5. Tembeleeni pia ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji iliyoko Iringa. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009, matumizi ya maji ya mfereji yanahitaji kibali, na jumuiya za watumia maji zinatambuliwa kisheria.
6. Mkirudi, toeni taarifa kwa usharika wote, pamoja na yale yasiyopendeza.

Neno kwa wafadhili

Tunawashukuru kwa moyo wenu. Tunaomba mambo mawili. Mnapotupendekezea wazo, tuulizeni pia ni nani wa kwetu aliyefika mahali hapo. Na tunapowajibu "ndiyo" kwa haraka, tusubirini. Kuna uwezekano kwamba bado hatujaenda kuona.

Maswali ya kujadili kwenye kamati

1. Maji ya usharika wetu yanatoka wapi, na yakitoka kwetu yanakwenda kwa nani? Je, tumewahi kukutana na watu hao?
2. Je, banio letu lina lango? Kama lina, nani ana ufunguo, na hufungwa mwezi gani?
3. Mfereji ukifungwa, ni nani ataumia kwanza? Je, mtu huyo yumo kwenye kamati?
4. Katika miradi yetu ya nyuma, ni upi tuliouandikia bila kwenda kuona? Ulikuwaje?
5. Kuna eneo gani kwetu ambalo wageni wanalipenda na wenyeji waliondolewa? Tunawaelezaje wageni historia hiyo kwa ukweli na kwa upendo?
6. Chezeni mchezo wa gololi. Andikeni jambo moja ambalo walio juu wamekubali kulibadilisha, na tarehe ya kuanza.

Tumeni majibu yenu ofisini. Yale ya swali la pili tungependa kuyapata kutoka kila usharika wa bondeni kabla ya Agosti, wakati ambapo lango linapaswa kufungwa.